Baba wa Kwenye Insha

Kila Jumatatu, kabla ya kwenda shule, Sindano alikuwa akipitia kwenye kibanda cha baba yake kunyolewa. Shule yao haikuruhusu wasichana wafuge nywele, na kwa kuwa baba yake alikuwa kinyozi, hakuwa na kisingizio. Jina la Sindano alipewa na wenzake wa kidato cha pili kwa wembamba wake, na pia kwa ukimya wake. Aliweza kuingia darasani na kutoka bila mtu kujua.

"Kaa, mama, kabla wateja hawajaja," baba yake alimwambia asubuhi hiyo.

Alifungua chupa ya spiriti, akalowesha pamba, akayafuta meno ya mashine ya kunyolea. Harufu kali ikajaa kibandani. Harufu hiyo haikumtoka baba hata siku za mapumziko. Akachukua taulo, akaikung'uta hewani mara moja kwa nguvu, ikalia kama kitu kilichopasuka, kisha akamfunga nayo shingoni. Alipotaka kuhamia upande wa pili, alimshika kidevu kwa vidole viwili akamgeuza uso taratibu, kama mtu anayegeuza yai.

"Mbona umenuna? Au ulitaka nikuachie kishungi kama jogoo?"

"Leo tunaandika insha, baba."

"Si ndiyo unayoipenda?"

"Nilikuwa naipenda."

Baba alicheka, akampuliza nywele zilizobaki sikioni, akamwacha aende.

Mpaka mwaka uliopita Sindano alikuwa bingwa wa insha, na siri ya ubingwa wake ilikuwa kukariri. Kama wanafunzi wengi wa shule ile, alikuwa na akiba ya sentensi tamu zilizofaa insha ya aina yoyote. Jua lilitabasamu, umande ukameta kama lulu, na moyo ukadunda kama ngoma. Iwe harusi, ajali au mechi ya mpira, jua lilitabasamu kwanza. Mwalimu wa zamani alizipenda sentensi hizo. Mwalimu mpya wa Kiswahili, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alizikata zote kwa wino mwekundu.

"Jua hili limetabasamu katika kila insha niliyosahihisha jana," aliwaambia. "Mpaka nikafunga pazia. Nipeni kitu mlichokiona ninyi wenyewe, mkakisikia, mkakinusa. Mtu akisoma, ajue ni wewe uliyeandika, si jirani yako."

Darasa lilicheka, isipokuwa Sindano. Tangu hapo alama zake zilishuka, na pembeni mwa kila insha yake aliyakuta maneno yale yale: *Haya si yako.* Aliyasoma kila mara kama mtu aliyeambiwa arudishe nguo aliyoazima.

Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni: *Mtu Ninayemwogopa*. Akawataka waandike kwa nafsi ya kwanza.

Sindano aliuma kalamu. Hakuwa na mtu wa kumwogopa. Aliyatazama maisha yake, akayaona matupu kabisa. Mama yake alifua mashuka hospitalini, baba yake alinyoa watu, jioni walikula, wakaongea, wakalala. Nani angesoma hayo? Insha nzuri, kwa jinsi alivyoamini, lazima itoe machozi. Akakumbuka insha moja aliyowahi kuikariri, ya baba mlevi anayetesa familia. Hiyo ilikuwa na machozi ya kutosha. Tatizo ni kwamba mwalimu angeikata.

Ndipo wazo likamjia. Kama angemchukua yule mlevi, akampa vitu vya kweli, vitu alivyoviona na kuvinusa mwenyewe, je, mwalimu angejuaje?

Akaanza kuandika, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi mkono haukusita.

*Kabla baba hajafika mlangoni, harufu yake hutangulia. Ni harufu ya spiriti, kali, inayochoma pua. Hapo najua jioni imeharibika. Husimama kizingitini na kukung'uta taulo hewani mara moja, nayo hulia kama kiboko. Kisha hunishika kidevu kwa vidole viwili na kunigeuza uso upande, polepole, kama mtu anayechagua mahali pa kupiga.*

Aliposoma aya hiyo, mwili ulimsisimka. Ilikuwa kama kweli. Akaendelea hadi kengele ilipolia, na baba wa kwenye insha akazidi kuwa mkatili kila alipogeuza ukurasa.

Siku chache baadaye mwalimu alimwita ofisini. Walimu wengine walikuwa wametoka. Insha yake ilikuwa mezani, na juu yake palikuwa na alama kumi na saba kati ya ishirini. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika: *Hii sasa ni sauti yako.*

Sindano alihisi joto la furaha likimpanda shingoni. Lakini uso wa mwalimu haukuwa wa furaha.

"Umeandika vizuri sana," alisema. "Nimeisoma mara mbili. Sasa nitakuuliza jambo, na hutapata matatizo kwa jibu lolote. Haya uliyoandika yanatokea nyumbani kwenu?"

Sindano alitazama ile namba iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Akisema hapana, mwalimu angeona kwamba ameazima tena, na yale maneno ya siku zote yangerudi. Akisema ndiyo, angekuwa ametamka uongo kwa mdomo wake. Akachagua njia aliyoizoea. Akainamisha kichwa, akanyamaza.

Mwalimu alingoja, kisha akamwekea mkono begani.

"Nimekuelewa. Si lazima useme. Ila nitampa mwalimu wa malezi nakala niliyotoa ya insha hii, kwa sababu jambo kama hili hatuliachi likapita."

Sindano alitaka kufungua mdomo. Akaikumbuka ile kumi na saba, akaghairi. Akachukua insha yake akatoka.

Darasani alikaa na msichana ambaye kila mtu alimwita Redio. Redio hakuwa na roho mbaya. Shida yake ni kwamba habari haikuweza kukaa kifuani mwake ikapoa. Aliivuta ile karatasi kabla Sindano hajaikunja, akasoma, na alipofika katikati midomo ikaacha kucheza.

"Jamani, pole," alinong'ona. "Kumbe ndiyo maana huongei."

"Redio, sikiliza—"

"Usiseme kitu. Najua inavyouma. Sitamwambia mtu."

Hakumwambia mtu. Aliwaambia watu. Kufikia saa ya kwenda nyumbani, wasichana walikuwa wakimpisha Sindano mlangoni kama mgonjwa, na wavulana walikuwa wamekusanyika karibu na bomba la maji. Wengi wao walinyolewa kwenye kibanda kile kile. Waliijua ile spiriti na ile taulo, na vile vidole viwili walikuwa wamevihisi kwenye videvu vyao wenyewe.

"Mimi kichwa changu hakirudi pale," alisema Golikipa, mvulana mrefu aliyelinda goli la shule. "Mtu anampiga mtoto wake wa kumzaa. Mimi ataniachia sikio?"

Wakacheka. Mmoja alimwona Sindano akipita, akamgusa Golikipa kwa kiwiko, na kicheko kikakatika. Ukimya ule ulimuuma Sindano kuliko kicheko chenyewe. Alitembea hadi getini akijiambia kwamba kesho angesema. Kesho yake Redio alimletea andazi na kumkumbatia mbele ya darasa zima, naye akaona aibu kusema. Na kila siku aliyonyamaza ilifanya ya kesho yake iwe ngumu zaidi.

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku ya wanafunzi kibandani. Kwa kawaida walijaa hadi kwenye benchi la nje, wakibishana mpira, na Sindano alifagia nywele. Jumamosi hiyo baba yake alikung'uta taulo asubuhi, akaikunja, akaikung'uta tena. Benchi lilikuwa tupu. Mvulana mmoja wa darasa la Sindano alipita upande wa pili wa barabara. Baba akampungia mkono. Mvulana akajifanya anafunga kamba ya kiatu, ilhali alikuwa amevaa ndala.

"Wanafunzi wa siku hizi wamezikataza nywele zisiote," baba alitania. Sindano aliinama na ufagio wake, ingawa sakafuni hapakuwa na kitu cha kufagia.

Jioni, wakila, baba aliacha kula. Kisha akainua viganja vyake akavitazama.

"Labda mkono wangu umezeeka," alimwambia mkewe. "Labda nawakata vibaya, wanaona haya kuniambia."

"Mkono wako ni ule ule," mama alisema. "Labda kuna mtu kakusema vibaya."

"Nimemkosea nani?"

Sindano alilirudisha tonge sahanini. Mama akamtazama.

"Na wewe una nini? Siku hizi huli."

"Nimeshiba."

Hapo simu ya baba ikalia. Alisimama kuipokea, akaitikia "ndiyo, mwalimu" mara kadhaa, kisha akarudi na kukaa polepole.

"Ni mwalimu wa malezi. Naitwa shuleni Jumatatu." Akamgeukia binti yake. Sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo. "Kuna nini, mama? Kama umefanya kosa niambie nilijue, nisikae mbele ya walimu kama gogo."

Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, wazi kabisa. Angeweza kuingia.

"Sijui, baba," alisema.

Jumatatu hakunyolewa. Baba alikuwa akipiga pasi shati lake jeupe, lile la kuvaa kwenye harusi na misiba.

Kipindi cha pili, Sindano alimwona kupitia dirisha la darasa. Baba alivuka uwanja akiwa ameshika kofia yake mkononi, akiwasalimia wanafunzi aliopishana nao. Hakuna aliyemwitikia kwa sauti. Wawili wakamkwepa. Golikipa akanong'ona jambo, na nusu ya darasa ikageuka dirishani.

"Ndiye huyo," Redio alisema kwa huruma, akimshika Sindano mkono. "Usiogope. Leo watamkomesha."

Watamkomesha. Neno hilo lilimwingia Sindano kifuani likabaki hapo. Alimtazama mtu yule mwenye shati jeupe akipanda ngazi ya ofisi, akipangusa viatu vyake kwenye mkeka wa mlangoni mara mbili, asije akawachafulia walimu sakafu. Hakujua anakwenda kuambiwa nini. Katika shule nzima, yeye peke yake ndiye ambaye hakujua.

Sindano akasimama. Hakuomba ruhusa. Mwalimu wa hesabu aliita nyuma yake, lakini alikuwa ameshafika koridoni, na miguu yake nyembamba ilikuwa ikikimbia.

Mlango wa ofisi haukufungwa vizuri. Ndani, mwalimu wa malezi, mama mtu mzima ambaye wanafunzi walimwita Mama Malezi, alikuwa akisoma kwa sauti iliyopimwa. Alisoma juu ya harufu ya spiriti. Akasoma juu ya taulo iliayo kama kiboko. Mwalimu wa Kiswahili alikaa pembeni akitazama chini.

Kupitia mwanya wa mlango Sindano alimwona baba yake kwa upande. Mwanzoni alikuwa akitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za watu asiowajua. Ilipofika sehemu ya vidole viwili, kichwa kilisimama. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Akaitazama. Kisha akaiondoa polepole, akaificha chini ya kofia.

Sindano akasukuma mlango.

"Si kweli," alisema. "Hajawahi kunipiga. Hanywi pombe. Nimebuni mimi."

Alitegemea kwamba wangeshusha pumzi, kwamba baba angetabasamu. Badala yake Mama Malezi alivua miwani, akamtazama yeye, kisha baba, kisha yeye tena.

"Mzazi," alisema, "nakuomba utupishe. Tuongee na mtoto peke yake."

Baba aliinuka. Alipofika karibu na Sindano, alijibana ukutani ili asimguse.

"Mwulizeni, mwalimu," alisema. "Mwulizeni kila kitu. Mimi nipo nje."

Mlango ukafungwa, safari hii vizuri. Sindano hakuwahi kufikiri kwamba mtu angeweza kusema kweli halafu asiaminiwe.

"Usikasirike," Mama Malezi alimwambia. "Watoto kadhaa wamesimama hapo uliposimama, wakaniambia baba hajafanya kitu, kumbe kafanya. Walikuwa wanaogopa kurudi nyumbani. Wewe juzi uliulizwa ukanyamaza. Leo baba yupo hapa, unakana. Nishike lipi?"

Sindano alifungua mdomo, akakuta umejaa machozi badala ya maneno. Alizoea kuandika. Kuongea mbele ya watu kulikuwa kama kutembea juu ya kamba.

Mwalimu wa Kiswahili akavuta kiti akakaa karibu naye. "Usitutafutie maneno makubwa," alisema kwa sauti yake ya chini. "Tuambie tu kile kinachotokea. Hiyo harufu, inatoka wapi?"

Sindano akamgeukia.

"Kwenye mashine," alisema. "Anamwaga spiriti kwenye pamba, anafuta meno ya mashine kabla ya kila mteja. Anasema hataki kumpa mtu ugonjwa wa mtu. Inakaa kwenye vidole vyake. Hata akimenya chungwa, chungwa linanuka spiriti, tunamcheka."

"Na taulo?"

"Anakung'uta nywele za mteja aliyetoka. Wakija watoto wadogo anaikung'uta mara nyingi ili wacheke, wasiogope mashine."

"Na kidevu?"

Hapo Sindano alijishika kidevu mwenyewe.

"Ni wakati ananinyoa. Ananigeuza. Ana mkono mzito lakini hapo anakuwa kama hanigusi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nasinzia kwenye kiti, basi ananishikilia kidevu hivyo hivyo kwa mkono mmoja, ananyoa kwa mkono mwingine, ili nisiamke." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mwalimu ulisema tuandike tulichokiona. Mimi kwetu sikuona kitu cha kutisha. Basi nikachukua vitu vyake nikampa mtu mbaya. Uliponiuliza nilitaka kusema, nikaogopa utaniandikia tena kwamba si yangu."

Walimu wawili walitazamana. Mama Malezi hakuharakisha. Aliuliza mengine, kwa upole lakini bila kuruka kitu, kisha akamtuma mtu hospitalini kumwita mama yake Sindano, akazungumza naye peke yake katika chumba kingine. Wakati wote huo Sindano alikaa akisikiliza saa ya ukutani. Baba alikuwa kwenye benchi la nje, jua likimpiga, na hakuna mwanafunzi aliyepita karibu naye.

Hatimaye wote waliitwa ndani. Mama Malezi alisimama mbele ya baba.

"Mzazi, nimeridhika. Tumekupa asubuhi mbaya na ninakupa pole. Lakini sitakudanganya, nikisoma maandishi kama haya tena kesho, nitafanya vile vile."

"Fanya, mwalimu," baba alisema. "Huenda yuko mtoto ambaye kwake si insha."

Mwalimu wa Kiswahili alimgeukia Sindano. "Nami nina sehemu yangu. Niliwaambia mwandike mliyoyaona, sikuwaambia kwamba kubuni kunaruhusiwa. Kunaruhusiwa. Ungeniambia siku ile kwamba umebuni, alama yako ingebaki pale pale, na pengine ningeongeza. Kosa lako halikuwa kwenye karatasi. Lilianza ulipoulizwa." Aliishika ile insha. "Umeona sasa kwa nini nawasumbua na vitu vya kweli? Kitu cha kweli kina nguvu. Msomaji akikinusa, anaamini na kila kilichowekwa karibu nacho. Ukimpa mtu mbaya vidole vya baba yako, watu hawatamwona mtu mbaya. Watamwona baba yako. Kwa hiyo nguvu hiyo utaitumia, lakini utajua inamwangukia nani."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na kuna watu bado inawaangukia. Wako darasani."

Kipindi cha mwisho kilikuwa cha Kiswahili. Sindano alisimama mbele ya darasa, mahali ambapo hakuwahi kusimama kwa hiari yake. Wenzake walimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimfanya atamani kurudi kwenye kiti.

"Baba wa kwenye insha hayupo," alisema. "Nimemtunga. Baba yangu hajawahi kunipiga wala kunywa. Niliwaacha mkaamini, na mimi nilikuwa naona benchi lake liko tupu. Naomba mnisamehe. Na mumwitikie akiwasalimia."

Redio alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Yaani andazi langu nimelitoa bure?" alisema hatimaye.

Vicheko vilianza nyuma vikaja mbele. Redio hakucheka sana. Baadaye, wakifunga mikoba, alimwambia Sindano taratibu, "Na mimi niliahidi kunyamaza. Ningenyamaza, isingefika kwenye bomba." Golikipa yeye alikuwa akijipapasa kichwa, ambacho kilikuwa kimeota kama shamba lililoachwa.

Mambo hayakurudi kwa siku moja. Jumatatu iliyofuata Sindano alikaa kwenye kiti chake asubuhi, baba akanyoa upande wa kushoto, kisha akasimama na mashine mkononi.

"Geuka, mama," alisema. Hakumshika.

Sindano hakugeuka. Alimwona baba kwenye kioo, mkono wake wa pili umening'inia kando kama hauna kazi.

"Baba, unanikasirikia?"

"Hapana." Alizima mashine. "Nikikushika kidevu, huwa unaogopa? Niambie kweli. Nimewaza tangu siku ile. Labda mkono wangu mzito sikujua."

Sindano alishindwa kuvumilia. Alishuka kitini na taulo yake shingoni, nywele zake nusu, akamkumbatia kiunoni, akalia hadi shati la baba likalowa. Baba alimshika kichwa, akangoja. Walichelewa kufungua, na mteja aliyekuwa nje alikohoa mara mbili akaamua kusoma bango la bei.

Jumamosi Golikipa alikuja. Aliingia akitazama viatu vyake, akasalimia kwa sauti kubwa kupita kiasi, akakaa. Nyuma yake wakaja wengine, kwanza wawili, kisha kundi. Baba alimnyoa bila kutaja lolote lililopita. Alipomaliza, Golikipa alitaka kuinuka, baba akamkandamiza bega arudi chini.

"Unakimbilia wapi? Hujajiona."

Alichukua kioo kidogo cha mkono, akakiweka nyuma ya kichwa cha mvulana, ili kwenye kioo kikubwa aone kisogo chake.

"Huku nyuma mwenyewe huoni," baba alisema. "Wanaokuona ni watu. Sasa sema, nipunguze wapi?"

"Hapo kwenye shingo, kidogo."

Baba akapunguza. Golikipa akaridhika, akatoka akijipapasa, na wenzake wakamzomea kwamba sasa kichwa kinang'aa kuliko mpira.

Wateja walipokwisha, Sindano aliegemeza ufagio ukutani. Karatasi mbili zilikuwa mfukoni mwake tangu asubuhi. Mwalimu alikuwa amewapa kazi mpya, waandike juu ya mtu wanayemfahamu. Safari hii hakumtungia mtu machozi. Aliandika kibanda, chungwa linalonuka spiriti, mtoto mdogo anayecheka taulo ikilia.

"Nitaipeleka Jumatatu," alisema. "Lakini kama hutaki, baba, niichane. Sitakuandika tena."

Baba alifuta mikono yake.

"Nani kakwambia uache kuandika? Andika, mama. Mimi siogopi kuandikwa. Kilichoniuma ni kwamba shule nzima iliniona, mimi nikawa wa mwisho kujiona. Hapa mtu hatoki kwenye kiti hiki kabla hajaonyeshwa kisogo chake. Akisema punguza, nitapunguza. Akisema iache, nitaiacha. Kichwa ni chake."

Akatandika taulo safi kwenye kiti cha wateja, akakaa mwenyewe, akauegemeza mgongo na kufumba macho.

"Haya," alisema. "Nionyeshe."

Sindano akazikunjua karatasi, akaanza kusoma.